Fundi Anajibu: Hedi ya Peugeot 504 ya Marehemu Baba

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, hedi ya injini ya gari la zamani, yaani kile kifuniko kizito kinachoziba silinda kwa juu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu injini yenyewe ina tabia ambayo mafundi wengi vijana hawajaizoea, na kosa dogo hapo linaua injini nzima.

SWALI: Shikamoo fundi. Baba alifariki mwaka jana akatuachia Peugeot 504, ile ndefu ya viti vya safu tatu, injini ya petroli ya 1971 cc. Nimeiendesha miezi minne hapa Eldoret. Nikishuka Nakuru haina neno. Nikirudi, kabla sijafika Timboroa inachemsha. Mara ya mwisho nilikaa kando ya barabara saa nzima. Fundi wa mtaani anasema hedi imekufa, na ameshapata nyingine kutoka gari bovu, anataka pesa kesho. Mama hataki kusikia habari ya kuuza gari. Nishauri. (Binti, Eldoret)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Hiyo pesa usiitoe kesho.

Hedi haijiungulii yenyewe. Lazima ijulikane kama gari linachemsha kwa sababu hedi ni mbovu, au hedi imeharibika (kama kweli imeharibika) kwa sababu gari limechemshwa mara nyingi. Fundi asiyetenganisha mambo haya mawili atakufungia hedi nyingine leo, na baada ya miezi mitatu utakuwa tena kando ya barabara ile ile.

Anza na mlima wenyewe. Stesheni ya reli ya Timboroa iko takriban mita 2,740 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Huko kwenu juu huchemka kwa kama nyuzi 91. Kinachoyazuia yasitokote ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta, kwa kuyabana kwa presha. Mpira wa kifuniko ukikauka au springi yake ikilegea, maji yatatokota hata kama injini haina kasoro yoyote. Kifuniko kipya ni pesa kidogo. Nunua hicho kwanza, cha presha ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani.

Kisha tazama feni. 504 nyingi za petroli hazina feni inayozunguka muda wote. Ina sumaku ya umeme: maji yakipata joto, swichi iliyo kwenye maji inapeleka umeme, sumaku inaivuta feni, ndipo inazunguka kwa nguvu. Umeme huo unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachosugua sahani, na kaboni hiyo huisha kama ya stata. Ikiisha, feni inaelea tu. Kwenye tambarare upepo wa mwendo unatosha na hutaona lolote. Kwenye mlima, gari limejaa watu, gia ya pili, mwendo wa pole, ndipo inapokuumbua. Maelezo yako ya kushuka vizuri na kupanda vibaya yananipeleka hapa moja kwa moja. Washa gari likiwa limesimama, liache lipate moto, usikilize. Feni ikishika, mlio unabadilika, huwezi kuukosa. Isiposhika, mwambie fundi apime umeme kwenye kaboni, swichi na fyuzi kabla ya kugusa spana ya hedi.

Themostati pia (ile inayofungulia maji njia yakipata moto), na rejeta yenyewe. Nimefungua rejeta za 504 ambazo nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba kwa chokaa ya maji ya kisima.

Baada ya hapo ndipo tuisikilize hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu yakipanda mfululizo tangu dakika ya kwanza, moto wa silinda unapenya kwenye maji. Chomoa kijiti cha oili: oili ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia huko. Halafu plagi zote nne zitolewe, kipimo cha kampresheni (nguvu ya pistoni kubana hewa) kiingizwe silinda moja baada ya nyingine, na namba ziandikwe kwenye karatasi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja na nyingine ziko sawa, gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), imeungua katikati yao. Moja peke yake ikiwa chini, huenda ni valvu. Zote nne zikiwa sawa, hakuna mapovu na oili ni safi, basi hedi ya marehemu baba yako ni nzima, na wala isifunguliwe.

Tuseme vipimo vimeonyesha lazima ifunguliwe. Hapa nisikilize vizuri, na ukiweza mpe fundi wako asome.

Silinda za 504 hazikuchimbwa kwenye bloku kama za Toyota wengi walizojifunzia. Ni slivu nne, yaani mabomba ya chuma, zilizosimamishwa ndani ya bloku, na maji yanazioga kwa nje. Chini zimekalia siili nyembamba za kuzuia maji, juu zinabanwa na hedi yenyewe. Ukishatoa hedi, slivu hazina kinachozishika. Ukizungusha krenki (mhimili unaoendesha pistoni), pistoni inaweza kuinyanyua slivu, na siili ya chini ikiachia hata kwa unywele, maji yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Mwaka 1983 nilikuwa mwanagenzi kwenye gereji moja Changamwe. Tulikuwa tumefungua hedi ya 504 iliyokuwa ikibeba abiria wa Malindi. Nikaambiwa nisafishe vichwa vya pistoni. Mbili zilikuwa chini, nikatia spana kwenye krenki nikazungusha zije juu. Slivu moja ikapanda pamoja na pistoni, kiasi cha unene wa ukucha. Nikaigonga kwa kipande cha mbao ikarudi, nikanyamaza. Siku ya tatu gari likarudi likivutwa kwa kamba. Tui kwenye sampu, na beringi za krenki zimeshaliwa. Mwenye gari alikuwa na watoto watano na gari lile ndilo lililowalisha. Jioni ile nilimweleza bosi nilichofanya. Hakunipiga wala hakunifukuza. Tuliteremsha injini nzima, tukaweka siili na beringi mpya, bila kumtoza yule bwana hata senti, na bosi akanichongea vipande vinne vya chuma vya kubana slivu. Ninavyo mpaka leo, na hakuna mwanafunzi wangu aliyefungua hedi ya Peugeot bila kuvifunga kwanza.

Kwa hiyo: injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Maji yamwagwe yote, pamoja na ya kwenye bloku. Boliti zilegezwe kutoka nje kuja katikati, kidogo kidogo, si moja ifunguliwe yote kisha nyingine. Pushirodi (vijiti vya kusukumia valvu) zitolewe na kuchomekwa kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa na kuandikwa namba, ili kila moja irudi mahali pake. Hedi isinyanyuliwe moja kwa moja kwenda juu, kwa kuwa gasketi iliyogandia itavuta slivu. Peugeot wenyewe walikuwa na vyuma viwili vilivyopindwa vya kuchomeka kwenye matundu ya boliti ili hedi iyumbishwe pembeni mpaka iachie. Nondo mbili nzuri zinafanya kazi hiyo. Ikishatoka, funga vibano vya slivu hapo hapo, kabla hujanywa hata chai.

Hedi yenyewe ni ya aluminiamu. Ikisafishwa ilazwe mezani, iwekwe rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na karatasi za chuma za kupimia ziingizwe chini yake. Mimi ile ya 0.05 mm ikipita napeleka hedi kwa mkerezaji. Isipopita, sioni sababu ya kuikwangua. Utaona mafundi wanakwangua kila hedi inayotoka kwenye gari, kama desturi. Kila unapokwangua, chumba cha moto kinapungua, kampresheni inapanda, valvu zinasogelea pistoni, na unayakata maisha ya hedi ambayo viwanda havitoi tena kwa wingi. Toa kiasi kinachohitajika tu. Nafuu moja ya injini hii ni kwamba kemshafti (mhimili unaofungua valvu) iko kwenye bloku, kwa hiyo hedi iliyopinda haijapindisha njia ya kemshafti.

Kabla ya kulipia kukwangua, hedi ipimwe nyufa. Mkerezaji mzuri ataziba njia za maji, atatia hewa ya presha, ataizamisha kwenye maji ya moto na kutazama mapovu. Ufa hupenda kukaa kati ya siti za valvu (pale valvu inapokalia) au kukimbilia tundu la plagi. Tazama pia kingo za matundu ya maji: aluminiamu iliyolishwa maji ya kisima miaka mingi bila dawa ya rejeta inaliwa kama jino bovu, na gasketi mpya haina pa kukaa. Palipoliwa kidogo hujazwa kwa kuchomelewa kisha hukwanguliwa. Mwisho, hedi iliyochemshwa kupita kiasi hulainika. Mkerezaji mwenye kipimo cha ugumu atakwambia. Asiyenacho, atazame alama za gasketi ya zamani: zikiwa zimezama kwenye chuma kama kidole kwenye unga uliokandwa, hedi hiyo imekwisha, na hapo ndipo namkubali fundi wako.

Basi, hiyo anayokuuzia. Ipimwe vile vile, kabla ya malipo. Imetoka kwenye gari bovu, na nani anajua gari hilo lilikufa kwa nini? Ihakikishwe ni ya injini kama yako, XN1. Silinda zako zina kipenyo cha 88 mm. 504 za mwanzo za 1796 cc ni 84 mm, na gasketi zake si moja. Peugeot 505 nyingi za petroli za 1971 cc zilitumia injini ya ukoo huo huo, kwa hiyo ukikosa hedi ya 504 ulizia ya 505, lakini ilazwe juu ya gasketi yako na kila tundu la maji lilinganishwe kwa macho. Ya dizeli ni kitu kingine kabisa.

Wakati wa kurudisha, slivu zipimwe zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Zote nne ziwe sawasawa, tunazungumza sehemu za mia za milimita. Moja ikiwa chini ya jirani yake, gasketi itaungulia hapo tena, hata hedi ingekuwa mpya kutoka Ufaransa. Matundu ya boliti yakaushwe, maana oili au maji yaliyobaki chini hayabanwi, na boliti ikiyasukuma inaweza kupasua bloku. Boliti zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu) kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya gasketi. Gasketi ya mtindo wa zamani inataka kukazwa tena injini ikishapata moto na kupoa, na mara nyingine baada ya kilomita chache. Kliaransi ya valvu (nafasi ndogo inayoachwa ili valvu ifunge vizuri) ni 0.10 mm kwa ya kuingiza na 0.25 mm kwa ya kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Na mwambie fundi asisahau kwamba silinda ya kwanza ya Peugeot hii ni ile ya nyuma, upande wa gia boksi, si ya mbele. Nimeona watu wakibadilisha kabureta kwa sababu walipanga waya za plagi kinyume.

Mwisho wa yote, weka dawa ya rejeta, si maji matupu, na ufungue hita wakati wa kujaza ili hewa itoke. Gari lako ni ndugu wa lile lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, kwenye matope na vumbi letu hili hili. Mlima wa Timboroa haulishindi. Niandikie ukishatazama feni.

SWALI: Fundi, nina Volkswagen 1300 ya mgongo wa kobe. Inapoteza nguvu na fundi anataka kunibadilishia gasketi ya hedi. Naomba bei yake. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya bei, muulize fundi wako ameshafungua injini ngapi za namna hiyo. Yako haina maji, inapozwa kwa upepo, na ina hedi mbili, moja kila upande. Hakuna gasketi ya kuzuia maji pale.

Mwambie aanze na silinda ya tatu. Kwenye injini za miaka ya nyuma, kipoza oili kimesimama ndani ya sanduku la feni, mbele ya njia ya upepo wa silinda hiyo, kwa hiyo inapata hewa iliyokwisha kupata joto. Volkswagen walikisogeza pembeni kuanzia magari ya 1971. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu ndiyo inayoanza kuungua, na ikikatika inatoboa pistoni. Pima kampresheni, rekebisha kliaransi iwe 0.15 mm injini ikiwa baridi, na urudie kila kilomita 5,000. Nafasi ya valvu moja ikizidi kupungua kila unapopima, hedi ishushwe mapema kabla valvu haijakatika. Stadi za hedi (boliti ndefu zinazoishikilia) nazo zitazamwe: bloku ni aloi ya magnesiamu, laini, nyuzi zake huvutika. Fundi anayejua atatoboa na kuingiza nyuzi za chuma.

SWALI: Mzee mwenzangu, salaam. Land Rover yangu Series II, petroli 2.25, ina hedi ya kampresheni ya 7 kwa 1. Nimeambiwa nikifunga ya 8 kwa 1 nitapata nguvu ya kupandia. Au niikwangue hii hii? Naishi Arusha. (Mstaafu, Arusha)

JIBU: Salaam, na hongera kwa kuitunza. Funga ya 8 kwa 1. Usiikwangue hiyo.

Hesabu yake ni hii. Injini ina 2286 cc, kila silinda 571.5. Kwa 7 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika juu ni cc 95 hivi. Kwa 8 kwa 1 ni cc 82 hivi. Tofauti ni cc 13 na ushei, karibu kijiko kimoja cha chakula. Inaonekana ndogo, lakini kuipata kwa kukwangua kunataka zaidi ya milimita mbili za chuma, na ukifika huko umeshaharibu mpangilio wa roka (vyuma vinavyobonyeza valvu) na unene wa hedi. Hedi za 8 kwa 1 Land Rover walizitengeneza wenyewe kwa injini hiyo hiyo, na bado zinapatikana kwa subira.

Nguvu utakayopata nitakwambia kwa ukweli: kwa hesabu za vitabuni ni kama asilimia 4. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na huko hewa nyepesi imeshakunyima zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo unarudishiwa sehemu tu ya ulichopoteza. Lakini hewa hiyo hiyo nyepesi inakulinda usipate mgongano wa moto ndani ya silinda, hivyo petroli ya kawaida itatosha. Ukishuka Tanga au Dar ukasikia injini inagonga kama njugu kwenye kikaango, rudisha taimingi (wakati wa cheche ya plagi) nyuma kidogo.

Hedi ikiwa mezani, fanya jambo moja zaidi. Petroli yenye madini ya risasi ilikwisha kwenye pampu zetu kufikia mwanzoni mwa 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikitandika siti za valvu zisisuguane kavu. Weka siti ngumu upande wa moshi wakati ndio huu, kwa kuwa kazi ya kushusha hedi umeshailipia. Hedi hii ni ya chuma cha kalibu, nzito, itolewe na watu wawili, na usimruhusu kijana ainyanyue peke yake juu ya bampa. Boliti kubwa zikazwe futi-paundi 65, kutoka katikati, na kliaransi iwe 0.25 mm kwa valvu zote nane. Kisha chukua daftari uandike kliaransi ya kila valvu, na kilomita za siku hiyo. Zile za moshi zikianza kupungua kila unapopima, valvu inazama kwenye siti. Niletee namba hizo, za vipimo vitatu mfululizo, nami nitakujibu kama hedi ishuke tena au isubiri.